Minyororo, misumari na soksi za tairi: historia ya kushika barabara yenye barafu

SEHEMU YA 1

Mama mwenzangu uliyehamia nchi ya baridi, na wewe baba unayesoma kimyakimya bila kusema kitu, karibuni. Kila Oktoba meseji zangu hujaa swali lile lile: "Dada nesi, theluji ikianza gari nilifunge nini? Minyororo? Matairi ya misumari? Fundi kasema haya niliyonayo yanatosha mwaka mzima."

Mimi si fundi. Ni nesi, naishi Minnesota, na kazi yangu hunikutanisha na watu baada ya barabara kuwashinda: nyonga, viganja, shingo, na mtoto aliyechomoka kwenye mkanda kwa sababu alifungwa akiwa na koti nene kama godoro. (Koti hilo lina mada yake. Kwa leo nasema tu, mfunge mkanda kwanza, halafu mfunike na koti au blanketi juu.)

Historia ya vifaa hivi nimeisoma muda sasa, na inarahisisha sana kuchagua. Kila kimoja kilibuniwa kwa barabara fulani yenye shida fulani. Ukijua kilizaliwa wapi, unajua kama kinakufaa. Halafu kuna kimoja, tena kinachopendwa mno, ambacho kililinda waliokuwa ndani ya gari huku kikiwaumiza waliokuwa wanatembea kando ya barabara. Hicho tutakiongea kwa kirefu, kwa sababu dukani hawatakuambia.

Kwanza tuelewane maneno. Theluji ni ile nyeupe laini inayoanguka. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa kama kioo. Kwa tairi hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Theluji inashikana yenyewe kwa yenyewe, ndiyo maana mtoto anaweza kuifinyanga donge. Tairi lenye mifereji mirefu linaikanyaga, linaijaza kwenye mifereji, na theluji hiyo inashika theluji ya barabarani. Barafu haifinyangwi, na mfereji hauna cha kubana.

Na barafu mbaya kuliko zote haihitaji baridi ya kutisha. Sisi tuliotoka joto tunadhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo utelezi unavyozidi. Asubuhi ya nyuzi 0, barafu ikiwa na utando mwembamba wa maji juu yake, inateleza kuliko asubuhi ya nyuzi 25 chini ya sifuri. Kwa hiyo mwezi wa Machi, wakati unaona sasa mambo yamepoa, bado usivue matairi yako.

SEHEMU YA 2

Twende mwanzoni mwa karne ya 20, jimbo la New York, mji mdogo unaoitwa Canastota. Magari bado machache, barabara nyingi ni udongo. Mvua ikinyesha ni tope, baridi ikija ni theluji, na tairi za wakati ule zilikuwa laini upande wa juu kama kipande cha sabuni.

Palikuwa na bwana mmoja, Harry D. Weed. Inasimuliwa kwamba aliona madereva wanazungushia matairi kamba, na hata matawi ya mzabibu, ili wapate kutoka walipokwama. Kamba zilikatika baada ya muda mfupi. Weed akaweka chuma mahali pa kamba. Tarehe 23 Agosti 1904 serikali ya Marekani ikampa hataza namba 768,495, yaani haki ya ubunifu wake. Minyororo miwili inazunguka tairi, mmoja kila upande, na vipande vifupi vinakatiza juu ya sehemu inayokanyaga barabara. Haukubanwa kabisa. Uliachiwa nafasi usogee kidogo kidogo, usije ukasaga mpira mahali pamoja. Nenda leo kwenye duka la vipuri, fungua boksi la minyororo, utaona ni kitu kile kile.

Kama umekulia kwetu huenda unaijua minyororo hii bila kumjua Weed. Masika, barabara ya udongo mwekundu, lori limesimama, utingo yuko chini anafunga cheni. Na hapo ndipo palipo asili yake: ni dawa ya barabara iliyofunikwa, iwe kwa tope au kwa theluji nene. Kinachokanyagwa lazima kiwe na kina, mnyororo upate pa kuuma.

Kwenye lami tupu ni balaa. Unatikisa gari zima, unakwangua barabara, na ukikimbia nao unakatika na kupiga bodi au bomba la breki. Ndiyo maana mwendo wake ni wa kuzunguka kilomita 50 kwa saa, na wengine chini ya hapo. Kijitabu chake kitakwambia. Huufungi Novemba ukauvua Aprili. Unaufunga chini ya mlima, ukishavuka unauvua.

Kwa hiyo, mama unayeishi Minneapolis au Helsinki, ambako magari ya kusukuma theluji yanazunguka usiku kucha, pengine hutauhitaji kamwe. Unayevuka milima ya Colorado kwenda kazini, au unayekaa karibu na milima ya Alps, uwe nao kwenye buti. Na ufunge kwenye magurudumu yanayosukuma gari. Gari ndogo nyingi za familia zinasukumwa na ya mbele. Usikisie, angalia kitabu cha gari, maana kuna gari ambazo hazina nafasi ya mnyororo kabisa kati ya tairi na bodi, na kitabu kinasema hivyo waziwazi.

SEHEMU YA 3

Sasa tuvuke bahari hadi Finland.

Mwaka 1934 kiwanda cha mpira kiitwacho Suomen Gummitehdas kilitoa tairi la malori lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya majira ya baridi. Walikuwa wakitengeneza pia mabuti ya mpira, kwa hiyo suala la mpira kushika ardhi mbaya hawakuanza nalo jana. Mifereji ya tairi hilo ilikuwa mirefu na imekatiza kwa upana, ikiuma theluji bila mnyororo. Mwaka 1936 wakatoa la magari madogo, wakaliita Lumi-Hakkapeliitta. Lumi kwa Kifini ni theluji. Hakkapeliitta walikuwa askari wa farasi wa Kifini wa miaka ya 1600.

Sasa cheka kidogo. Mwaka 1967 kiwanda hiki kiliunganishwa na viwanda vingine viwili vikawa kampuni moja, na kampuni hiyo inaitwa Nokia. Ndiyo, Nokia ile ile ya simu ya tochi ambayo bibi yako alikuwa anaitumia kumulika njia ya kwenda chooni usiku. Upande wa matairi ulitengwa ukawa kampuni yake mwaka 1988, na bado wanatumia jina la Hakkapeliitta.

Mifereji ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mpira wenyewe, na hii mama wa jikoni ataielewa upesi kuliko baba wa gereji. Chukua mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti, yaache kwenye chumba chenye baridi. Ya nazi yanaganda, ya alizeti yanabaki yanamwagika. Mpira wa tairi la majira ya joto unafanana na yale ya nazi. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, unaanza kukakamaa, na tairi gumu halishiki kitu hata barabara ikiwa kavu. Mpira wa tairi la baridi umechanganywa ubaki laini. Huhitaji kuona theluji ndipo ubadilishe. Nyuzi 7 tu, na baridi inaendelea kushuka, piga simu gereji.

Haya, na yule fundi aliyekwambia ya mwaka mzima yanatosha? Mwaka 1977 Goodyear walitoa tairi la Tiempo, wakaliuza kuwa ni la majira yote. Wamarekani wakalipenda, maana nani anataka kununua seti mbili? Pembeni mwa matairi ya aina hii utaona herufi M+S, yaani tope na theluji. Lakini herufi hizo zinaeleza umbo la mifereji tu. Hakuna aliyelipeleka tairi hilo kwenye theluji kulipima kabla ya kuliandika.

Ndiyo maana mwaka 1999 vyama vya viwanda vya mpira vya Marekani na Kanada vilileta alama nyingine: mlima wenye vilele vitatu, ndani yake punje ya theluji yenye ncha sita. Ili kupata alama hiyo tairi lazima lipimwe kwenye theluji na lishike kuliko tairi la kulinganishia. Kipimo chao kilikuwa cha gari kuondoka, kuvuta kwenda mbele juu ya theluji iliyoshindiliwa. Hakikuwa cha kufunga breki juu ya barafu. Kwa hiyo alama hiyo ni ya kuanzia, usiichukue kama cheti cha kukimbia.

Toka nje sasa hivi ukaangalie pembeni mwa tairi lako. Ukiona M+S peke yake bila mlima, ujue ulichonacho.

Na ukinunua ya baridi, nunua manne. Najua bei. Najua kodi ya nyumba na karo ya mtoto kulelewa mchana. Lakini gari lenye matairi mazuri mbele na ya kiangazi nyuma, kwenye kona mkia unachomoka na gari linazunguka kama pia, na mkiani ndipo alipofungwa mtoto. Afadhali manne yaliyotumika kidogo kuliko mawili mapya.

SEHEMU YA 4

Tumefika kwenye misumari.

Unazijua njumu za wacheza mpira? Matairi ya misumari ni njumu za gari. Kila tairi lina vipande vidogo mia moja au zaidi vya chuma kigumu sana, aina ya tangsteni inayotumika pia kutobolea miamba, vimepandikizwa kwenye mpira na vichwa vinatokeza milimita moja au mbili. Vilienea nchi za kaskazini mwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1960, na muda si mrefu vikawa Marekani, Kanada na Japani.

Nitasema ukweli: kwenye ile barafu ya nyuzi 0 niliyowaambia, yenye maji juu, msumari ulikuwa hauna mpinzani. Mpira wa zama zile uliteleza, msumari ukachimba. Watu walirudi nyumbani wakiwa hai kwa sababu yake. Simdharau mama wa huko Finland kaskazini anayeufunga mpaka leo.

Lakini barabara haina barafu kila siku. Katikati ya majira ya baridi kuna wiki nzima lami iko wazi na kavu, na misumari bado iko kwenye tairi. Kila mzunguko inakwangua. Magari maelfu, siku baada ya siku, kwa miezi minne mitano. Lami ikaanza kuchimbika mistari miwili sambamba pale magurudumu yanapopita. Mvua ya kiangazi ikijaa humo, gari linaelea juu ya maji. Minnesota ikaipiga marufuku mwaka 1971, Ontario mwaka huo huo, Ujerumani Magharibi ikafuata mwaka 1975.

Angalieni sababu zao. Zilikuwa fedha za kukarabati barabara. Ile lami iliyokwanguliwa ilikuwa imeenda wapi? Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi Japani.

SEHEMU YA 5

Sendai ni mji mkubwa wa kaskazini mashariki mwa Japani. Majira ya baridi yake yana theluji ya wastani na siku nyingi kavu. Madereva wa huko, kama wenzao wa sehemu zenye theluji nzito, walifunga misumari mwanzo wa baridi na kuiacha mpaka mwisho. Siku nyingi walikuwa wanaendesha chuma juu ya lami kavu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vumbi lilikuwa limeshakuwa kero ya mji. Vumbi la lami, jamani, katikati ya majira ya baridi. Wakazi wakalalamika, magazeti yakaandika, na mwaka 1985 mkoa wa Miyagi, ambao Sendai ni makao yake makuu, ukatunga kanuni ya kudhibiti misumari. Sapporo na miji mingine ya kaskazini ilikuwa na shida hiyo hiyo.

Hapa niruhusuni nivae sare yangu. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko wewe. Ukilinganisha na uzito wake, anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Na kimo chake, au kimo cha kigari unachomsukumia, kiko karibu na barabara kuliko pua yako. Vumbi jembamba halibaki puani. Linashuka kwenye mirija ya mapafu, na mwenye pumu ndiye anayelisikia kwanza: anakohoa usiku, kifua kinapiga filimbi, mama anarudi hospitali mara ya tatu ndani ya mwezi. Ndani ya gari madirisha yamefungwa. Nje, kwenye kituo cha basi, hakuna dirisha.

Yaani kifaa kilichonunuliwa na mzazi mmoja kwa mapenzi ya mtoto wake kilikuwa kinaingia kwenye mapafu ya mtoto wa mwenzake. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri.

Malalamiko yalipofika mbele ya tume ya taifa ya kusuluhisha migogoro ya uchafuzi, mwaka 1988 kampuni saba za matairi zilikubali: kutengeneza kuishe mwisho wa 1990, kuuza kuishe mwisho wa Machi 1991. Juni 1990 bunge likapitisha sheria ya kukataza misumari kwenye lami isiyo na theluji wala barafu katika maeneo yaliyotajwa. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yakaachwa nje ya katazo, na pia baadhi ya madereva wenye ulemavu. Mimi nimependa sana kifungu hicho. Walifikiria mtu ambaye akikwama hawezi kushuka kusukuma.

Mngependa niseme mambo yakaisha vizuri. Hewa ilisafika kweli. Ila Sapporo walikutana na jambo jingine. Kumbe misumari ilikuwa inaikwaruza barafu pia, na kuiacha na makovu yanayoshika nyayo. Ilipoondoka, matairi laini yakawa yanazunguka palepale kwenye makutano ya barabara, yanapasha barafu joto na kuisugua mpaka inang'aa kama sahani. Wanaotembea kwa miguu wakaanza kuanguka, magari ya wagonjwa yakawa yanaitwa kwa ajili ya mifupa. Mwenzangu anayefanya kazi wodi ya mifupa hahitaji kuelezwa maana ya nyonga iliyovunjika kwa bibi wa miaka 78.

Hawakurudisha misumari. Waliweka masanduku ya mchanga kwenye vivuko vya barabara, mpita njia achukue amwage mbele yake. Wakaongeza kumwaga dawa za kuyeyusha. Na viwanda navyo vilikuwa vimeshapata jibu lao: mwaka 1988 Bridgestone walitoa Blizzak, tairi lisilo na misumari lenye mpira uliojaa vitundu vidogo mno, kama sponji. Vile vitundu vinanyonya ule utando wa maji, na mpira unagusa barafu yenyewe. Matairi ya aina hii ndiyo mengi tunayouziwa leo Minnesota na Ontario kusini.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Mimi nasimama wapi? Kama unaishi kijijini kaskazini, vilima, barabara ya barafu ngumu toka Desemba, jirani yuko kilomita tano, na sheria inaruhusu: misumari ni haki yako, funga. Ontario yenyewe ilikuja kuirudisha mwaka 2005, lakini kwa wakazi wa kaskazini tu. Kama unaishi mjini, lami inasafishwa, na shule ya mwanao iko kando ya barabara ya magari mengi, nunua yasiyo na misumari. Oslo walianza kutoza ada kwa misumari mwaka 1999, wakaiondoa 2001, wakairudisha 2004. Stockholm mwaka 2010 waliikataza kwenye mtaa wa Hornsgatan. Wote hao ni watu waliozoea theluji kuliko mimi na wewe.

Bado soksi. Ndiyo, soksi za tairi, za kitambaa imara cha poliesta, zilitoka Norway miaka ya 1990. Unaivisha tairi kama unavyomvisha mtoto, unasogeza gari kidogo, unamalizia kuvuta. Nyepesi, inakaa kwenye mfuko mdogo, na mama aliye peke yake na mtoto anayelia nyuma anaweza kuivaa kwa dakika chache bila kulala kwenye theluji. Kwa kutoka kwenye kilima kimoja cha kwenu, inatosha. Kwenye lami kavu inachanika upesi, na kwa safari ndefu mlimani mnyororo bado unaishinda. Ufaransa wanaikubali kisheria kwenye maeneo ya milima tangu Novemba 2021, badala ya mnyororo au matairi ya baridi. Sehemu nyingine hawaikubali, kwa hiyo uliza kabla ya safari.

Sheria zenyewe zinatofautiana mno. Finland matairi ya baridi ni lazima tangu 1978. Quebec ni lazima tangu majira ya baridi ya 2008, na sasa tarehe ni 1 Desemba hadi 15 Machi. Minnesota hakuna anayekulazimisha kitu, unajiamulia mwenyewe, na ndiyo maana nimeandika yote haya.

Ukinunua mnyororo au soksi, fanya mazoezi Oktoba, mchana, uwanja ukiwa mkavu, mtoto akiwa ndani na baba yake. Fanya mara mbili. Kwenye buti weka pia glavu za mpira, tochi, kipande cha zulia kuukuu cha kupigia goti, na koleo. Ukikwama na injini inawaka ili mtoto asipigwe baridi, chukua koleo kwanza uondoe theluji kwenye bomba la moshi, urudi kuangalia tena kila baada ya muda. Likiziba, moshi wenye kaboni monoksidi unaingia ndani. Gesi hiyo haina harufu, na mtoto anaonekana kama amelala tu.

Wiki ijayo turudi kwenye ratiba ya chanjo. Mwenye swali la tairi aandike nchi au jimbo alipo na aina ya gari, nitajibu nikitoka zamu.